Foleni Ikivurugika: Kufundisha Majaribio ya Mzunguko wa Matukio kwa Karatasi na Maharage

Mwalimu wa shule ya msingi anapopangiwa kufundisha habari za kompyuta, mara nyingi huanza na majina ya viungo vya mashine: kioo, kibodi, kipanya, printa. Watoto huyaandika, huyakariri, na mwishoni mwa muhula huyarudisha katika karatasi ya mtihani. Katika shule nyingi za vijijini mashine yenyewe haipo, na majina hayo hubaki kama majina ya wanyama wa nchi za mbali. Maoni yangu ni kwamba mwanachuo anayejiandaa kwa kazi hii yafaa aanze mahali pengine kabisa. Aanze na swali ambalo kila anayetunga programu ya mtandao hana budi kulijibu: je, kazi hii itakwenda sawa hata pale maombi yanapofika yamechelewa, yamepotea, yamerudiwa, au yamepishana njiani?

Swali hili lina jina zito katika fani yake. Huitwa majaribio ya mzunguko wa matukio katika programu iliyotawanyika kati ya seva na wateja. Nitaonyesha kwamba linafundishika katika darasa la tano la shule yoyote ya kata ya Kanoni, wilayani Karagwe, bila umeme na bila mashine, na kwamba lina faida kwa mtoto ambaye hatatunga programu maisha yake yote.

1. Mzunguko wa matukio ni nini

Tumfikirie karani wa mizani katika chama cha ushirika cha msingi wakati wa msimu wa kahawa. Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wamefika na magunia ya kahawa ya maganda. Karani ni mmoja na mizani ni moja. Humwita aliye mbele, hupima gunia, huandika uzito katika daftari, hutoa stakabadhi, kisha hutazama tena foleni. Asipomwona mtu, hungoja. Akitokea mwingine, huanza upya. Kazi yake yote ni kuzunguka hivi: tazama, pokea, tenda, jibu, tazama tena.

Seva ni programu inayofanya kazi ya karani huyo. Wateja ni programu nyingine, aghalabu katika simu au kompyuta zilizo mbali, zinazotuma maombi na kungoja majibu. Kila ombi linalofika ni tukio, na kule kuzunguka kwa seva kutoka tukio moja hadi jingine ndiko kunakoitwa mzunguko wa matukio. Njia hii si ngeni. Mwaka 1983 toleo la 4.2 la mfumo wa Unix wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, liliwapa watungaji wa programu mwito ulioitwa select, ambao kwa huo programu moja iliweza kuuliza njia nyingi kwa mara moja ni ipi iliyoleta habari. Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js, ambayo imejengwa juu ya mzunguko wa namna hiyo hiyo na inatumika duniani kote.

Mzunguko huu una sharti moja kubwa. Karani akikuta gunia ambalo kumbukumbu zake hazieleweki, na uamuzi uko kwa mwenyekiti aliyekwenda Kayanga, afanye nini? Akikaa kumngoja mwenyekiti, foleni nzima inasimama, hata wale ambao magunia yao hayana tatizo lolote. Karani hodari huweka karatasi ya mkulima yule kando, huendelea na wengine, na mwenyekiti akirudi huichukua tena karatasi ile. Seva nayo haina budi kufanya vivyo hivyo.

2. Umbali unapoingia

Mambo huwa magumu zaidi mteja na seva wanapotenganishwa na njia ndefu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Hadi mwaka 2015 seva zilizohudumia M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Mtu aliyemtumia fedha jirani yake pale pale Nairobi alikuwa akituma ombi lililovuka bara na bahari, likatendwa Ulaya, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Leo mtoto wa Kanoni anayetumwa na mzazi wake kutoa fedha kwa wakala anasimama katika ncha moja ya njia ya namna hiyo, ingawa haioni.

Katika njia hiyo mambo manne huweza kutokea. Ujumbe huweza kuchelewa. Huweza kupotea. Huweza kufika mara mbili, kwa sababu aliyeutuma hakupata jibu akatuma tena. Na jumbe mbili huweza kupishana, iliyotumwa nyuma ikafika mbele. Zipo kanuni za mawasiliano zinazopanga na kuhesabu jumbe ndani ya kiungo kimoja. Lakini kiungo kikikatika na mteja akaanza upya kwa kiungo kingine, tatizo hurudi mikononi mwa mwenye kutunga programu.

Gumu kuliko yote ni lile la jibu lisilofika. Mteja ametuma ombi la kulipa, na kimya kimetanda. Huenda ombi lilipotea kabla ya kufika, na hakuna kilicholipwa. Huenda ombi lilifika, malipo yakafanyika, na jibu ndilo lililopotea. Kwa yule anayengoja, hali hizi mbili zinafanana kabisa. Akituma tena huenda akalipa mara mbili. Asipotuma huenda asiwe amelipa kamwe.

3. Kwa nini jaribio la kawaida halitoshi

Mwanafunzi wa programu huijaribu kazi yake kama wengi wetu tunavyowajaribu watoto: swali moja kwa wakati mmoja, katika utulivu, na jibu moja linalotarajiwa. Akituma ombi moja na jibu likarudi sahihi, huweka alama ya vema. Lakini kasoro za mzunguko wa matukio hazijitokezi katika utulivu. Hujitokeza pale tukio la pili linapofika kabla la kwanza halijaisha.

Mfano mchungu ni ule wa mashine ya Therac-25, iliyotengenezwa Kanada kwa ajili ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa sita katika hospitali za Marekani na Kanada walipigwa na mionzi kupita kiasi kikubwa mno, na wasiopungua watatu walifariki. Moja ya kasoro zilizogunduliwa ilihusu mpangilio wa matukio. Sumaku za mashine zilihitaji sekunde 8 kujipanga. Mtumishi aliyezoea kazi aliweza kurekebisha maandishi yake katika kioo kabla sekunde hizo hazijaisha, na badiliko lake halikuonekana na sehemu nyingine ya programu. Aliyefanya kazi polepole hakuiona kasoro hiyo. Kila herufi iliyoandikwa ilikuwa sahihi. Wakati wake ndio uliodhuru.

Mtaalamu wa Kiholanzi Edsger Dijkstra alieleza mapema kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwapo kwa kasoro, lakini hayawezi kuthibitisha kwamba hakuna kasoro. Basi anayejaribu kazi ya namna hii hana budi kuivuruga foleni kwa makusudi, kabla dunia haijaivuruga bila kumwarifu.

4. Somo lenyewe

Somo hili huhitaji vipindi viwili vya dakika 40. Zana ni vipande vya karatasi, mbegu za maharage, kisanduku, daftari moja, na kadi za mchafuko zilizoandikwa na mwalimu.

Kila kundi liwe na watoto wanane. Mmoja ni seva: ana kisanduku chenye mbegu 10 na daftari. Watatu ni wateja A, B na C. Wawili ni matarishi wanaobeba karatasi, kwa kuwa mteja hasemi na seva kwa mdomo. Mmoja ni mvurugaji, naye ndiye mwenye kadi. Wa mwisho ni mwandishi, anayeandika kila tukio kwa utaratibu lilivyotokea. Kanuni za seva ni tatu. Asitoe mbegu zisizokuwapo. Asitende ombi moja mara mbili. Asimsahau mteja yeyote, hata kama jibu ni kukataa.

Duru ya kwanza: utulivu. Mvurugaji hafanyi lolote. Wateja hutuma kwa zamu, na watoto huzoea kazi zao.

Duru ya pili: kupishana. A aomba kutoa mbegu 8, B aomba kutoa 5, C aomba kuweka 5. Mvurugaji huamua karatasi ipi ifike kwanza. Watoto watafute njia zote ambazo maombi matatu yaweza kupangwa: 3 mara 2 mara 1, yaani njia 6. Kisha wazipige hesabu. Wakifika kwa utaratibu wa A, B, C, basi A hupata, B hukataliwa, C huweka, na kisandukuni hubaki 7. Wakifika B, A, C, basi A ndiye anayekataliwa na hubaki 10. Katika njia nne zilizobaki wote hupata, na hubaki 2.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu asilipite haraka. Maombi ni yale yale, seva ni hodari, na matokeo ni ya namna tatu. Wala hakuna hata moja lililo kosa. Mtoto aliyezoea kwamba kila hesabu ina jibu moja atashangaa, na mshangao huo ndio mlango wa somo. Kama majibu sahihi ni matatu, tutajuaje kwamba seva haikukosea? Tutajua kwa kuzitazama kanuni: je, daftari na kisanduku vinapatana? Je, kuna aliyepewa kisichokuwapo? Je, kila aliyeomba amejibiwa? Ndivyo wafanyavyo watungaji makini wa programu: jaribio lao hulinda kanuni zisizobadilika katika kila mpangilio, badala ya kungoja tarakimu moja.

Duru ya tatu: jibu lililopotea. Mvurugaji anachukua jibu la A kutoka mkononi mwa tarishi na kulifunika. Mwalimu haweki saa. Huinua kadi iliyoandikwa MUDA UMEKWISHA. Kadi hii ina maana yake. Mtungaji wa programu asiyetaka kukaa sekunde 30 katika kila jaribio huipa programu saa ya bandia, ambayo yeye ndiye anayeisogeza. A sasa hutuma ombi lake tena. Kama karatasi haina alama, seva italitenda mara ya pili. Waacheni watoto waone daftari na madai ya A yakigombana. Kisha waulizwe dawa. Wengi watafika wenyewe penye kuandika namba: ombi la kwanza la A liitwe A1, la pili A2. Seva akiona A1 kwa mara ya pili, hatendi tena. Hutazama daftarini na kurudisha jibu lile la mwanzo.

Duru ya nne: kazi ndefu. C aomba ajumlishiwe mistari yote 100 ya daftari, ambayo mwalimu ameiandaa. Seva akiinama kujumlisha, karatasi za A na B hulundikana na MUDA UMEKWISHA huinuliwa. Watoto waulizwe nini kifanyike. Njia moja ni kujumlisha mistari kumi, kuinua macho, kuhudumia ombi moja, kisha kurudi. Lakini atakapotokea mtoto mwenye macho makali atauliza: kama A na B wanaendelea kuongeza mistari wakati jumla haijaisha, jumla hiyo ni ya lini? Mwalimu asimnyamazishe mtoto huyo, maana amegusa moyo wa jambo. Hana budi seva kuandika kwanza namba ya mstari wa mwisho uliokuwapo ombi lilipofika, na kuishia hapo.

Duru ya tano: karani mpya. Katikati ya kazi mwalimu humwita seva atoke nje, na mtoto mwingine hukalia kiti chake akiwa na daftari na kisanduku tu. Je, yule wa kwanza aliandika kabla ya kutoa mbegu, au alitoa kabla ya kuandika? Kilichokuwa kichwani mwake kimekwenda naye. Watoto walinganishe daftari na kisanduku, wasome kumbukumbu za mwandishi, na waamue utaratibu gani ungemwezesha karani mpya kuendelea bila kumdhulumu mtu.

5. Kadi za mchafuko ziandikwe

Nawasihi wanachuo wasiache mvurugaji avuruge kama apendavyo bila kumbukumbu. Kasoro ikitokea na hakuna ajuaye karatasi zilifika kwa utaratibu gani, kundi halitaweza kuirudisha, na kasoro isiyoweza kurudishwa haiwezi kutibiwa kwa uhakika. Basi kadi zichanganywe, zichukuliwe kwa bahati nasibu, lakini utaratibu wake uandikwe kabla ya duru kuanza. Ajali ikitokea, kundi lirudie duru ile ile kadi kwa kadi mpaka lijue chanzo. Baada ya kurekebisha kanuni, lirudie tena kwa kadi hizo hizo na kuhakikisha kasoro imeondoka. Wenye kutunga programu kubwa hufanya hivyo hivyo: huweka namba inayozalisha mchafuko, ili mchafuko ule ule upatikane tena kesho.

6. Upimaji

Yafaa tusimpe alama ya juu mtoto aliyemaliza mbio. Kila mtoto apewe kazi moja ya kuandika: atunge mpangilio mmoja wa kadi anaodhani utaivunja kanuni ya seva wa kundi jingine, na aeleze kwa sentensi tatu kwa nini anadhani hivyo. Makundi yabadilishane mipangilio na kuijaribu. Mpangilio uliofichua kasoro una alama. Na uliotungwa kwa hoja njema lakini seva akaustahimili nao una alama, kwa kuwa umetufundisha jambo kuhusu seva huyo.

7. Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema kwamba kufundisha kompyuta bila kompyuta ni mchezo wa watoto. Ni mchezo, kweli, na una historia. Katika miaka ya 1990 Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows walikusanya mazoezi ya sayansi ya kompyuta yasiyohitaji mashine, na kazi hiyo imeendelezwa katika Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, ambako mashine hazikosekani. Waliona kwamba fikra hutangulia chombo.

Wengine watasema madarasa yetu ni makubwa. Watoto 64 ni makundi manane ya watoto wanane. Mwalimu akiwaandaa waandishi wa makundi siku moja kabla, watamsaidia kuendesha duru.

Wengine watasema kwamba mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hauulizi habari hizi. Hoja hii ina uzito, wala siidharau, kwa maana mwalimu hupimwa kwa ufaulu wa watoto wake. Lakini katika duru hizi mna kujumlisha na kutoa, mna kupanga vitu kwa namna zote, mna kuandika taarifa kwa Kiswahili fasaha. Somo halijapotea, limevaa nguo ya kazi.

Yapo pia mapungufu ambayo mwanachuo yafaa ayajue. Darasani watoto wote huona karatasi iliyofichwa. Katika mtandao hakuna aonaye njia nzima. Na maombi matatu yana mipangilio 6, lakini matano yana 120 na kumi yana zaidi ya milioni tatu na nusu, ambayo ni mashine pekee iwezayo kuyajaribu kwa wingi. Mchezo huu hautoi mtungaji wa programu. Hutoa mtoto anayejua nini cha kuuliza.

8. Kwa mwanachuo

Mtoto wa Kanoni atakua katika nchi ambamo mishahara, malipo ya kahawa, kumbukumbu za zahanati na matokeo ya mitihani hupita katika foleni za seva asizoziona. Siku moja atasimama mbele ya mtu mwenye mashine na kuambiwa, "Mashine inasema umekwisha kulipwa." Aliyefundishwa kwamba mashine haikosei atageuka na kwenda zake. Aliyepata kushika kadi ya mvurugaji atauliza ombi lake lilikuwa namba ngapi, lilifika lini, na kama jibu lilirudi. Kwa swali hilo aweza kuokoa mavuno ya mwaka wa mzazi wake.

Kwa hiyo, katika mazoezi ya kufundisha yanayokuja, kila mwanachuo na aandae andalio moja la somo kwa duru ya pili na ya tatu tu, alifundishe, na aandike mambo mawili: mpangilio wa kadi uliowashangaza watoto zaidi, na dawa waliyoibuni wenyewe kabla hajawaambia. Maandishi hayo yakikusanywa chuoni yatatufaa katika kuandaa somo hili kwa wanachuo watakaofuata.